Santuri Isiyo na Makofi

*Sehemu ya tisa*

Kimya.

Hapo ndipo nilipokuacha Jumamosi iliyopita, msomaji, na kama ulikula vizuri juma zima basi una roho ngumu kuliko mimi. Mzee Lucius Tolliver, mpuliza saksafoni wa Kansas City, ameketi chumba cha nyuma cha Nyumba ya Utamaduni ya mji wa Tiszasáros. Vidude vya kusikilizia vimembana masikio. Anasikiliza alichopuliza jana usiku: dakika kumi na moja ambazo hajawahi kupuliza mfano wake katika miaka arobaini. Noti ya mwisho inapanda, inapanda, inakatika. Anangoja makofi.

Hakuna hata kofi moja.

Akavua vile vidude taratibu.

"Berci," akaniambia, "jana watu walikuwepo?"

"Mia tatu, mzee. Wengine walikaa madirishani."

"Walipiga makofi?"

"Mpaka chokaa ikadondoka."

"Basi mbona humu ndani wamekufa?"

Sote tukamgeukia Dezső. Huyu ndiye fundi wa kurekodi, kaletwa kutoka redioni na mashine yake moja na koti jeupe kama la daktari. Alikuwa anamenya yai la kuchemsha.

"Makofi niliyakata," akasema.

"Kasema nini huyu?" akauliza Roscoe, mpiga ngoma wa bendi.

Nikamtafsiria. Roscoe akaniomba nitafsiri tena, polepole.

"Muziki ukiisha, kidole kwenye swichi," Dezső akaendelea, bila haraka. "Miaka ishirini na mbili nafanya hivyo. Opera, kwaya, hotuba. Makofi si muziki. Utepe ni mali ya umma. Jana peke yake niliokoa mita mia nne."

Alisema kama mtu anayengoja nishani. Na kweli cheti anacho, alikitoa mfukoni akatuonyesha. Kina muhuri.

Roscoe alinyanyuka. Mtu huyu ana mikono kama makasia. Nikajiweka katikati, mimi dereva wa basi la bendi mwenye miaka hamsini na moja na mgongo mbovu.

"Usimguse," nikamwambia. "Ndiye peke yake anayejua kuiwasha mashine."

Sasa sikiliza, maana huenda wewe umeanza kusoma leo. Tolliver hana santuri hata moja yenye jina lake. Ziko thelathini na ushei ambamo anapulizia wengine, kwa nyuma, jina lake limeandikwa chini kwa herufi za sisimizi. Kampuni moja ya Copenhagen ilimjaribu mara tatu studioni ikamkataa. Walisema akiwa chumbani anapuliza kama karani, mbele ya watu anapuliza kama moto. Basi wakampa nafasi moja ya mwisho: santuri itakayorekodiwa safarini, mbele ya watu, na watu wasikike. Mwakilishi wao, Bibi Grethe Lindegaard, alikuwa njiani. Treni yake ingeingia saa sita kasoro dakika ishirini. Wakati huo ilikuwa saa tatu na nusu.

"Tupige tena leo jioni," nikasema. "Watu watakuja."

Tolliver akatoa kibiriti mfukoni, akakisukuma wazi kwa kidole gumba. Ndani hamkuwa na njiti. Mlikuwa na jino.

"La juu, la mbele," akasema, na sasa nikaona kwa nini tangu asubuhi anaongea mkono ukiwa mdomoni. "Limetoka na ile noti ya mwisho. Saksafoni inashikwa na meno ya juu, Berci. Daktari wa Trieste aliniambia yaliyobaki hayafiki Krismasi. Ile ya jana ndiyo ilikuwa yenyewe. Hakuna nyingine."

Dezső akaacha kumenya yai.

"Mngeniambia kwamba makofi ni muhimu," akasema. "Ningeandika kwenye fomu."

Roscoe ndiye aliyepata wazo. "Makofi ni makofi tu. Tutafute watu, wapige, tuwarekodi, huyu daktari wa mayai akate kwa mkasi na kubandika penye kimya."

"Jumanne asubuhi?" nikasema. "Watu wako kazini."

Wakati huohuo kicheko kikubwa kikatoka ukumbini.

Tukafungua mlango. Ukumbi umejaa! Wazee mia na arobaini, kofia magotini, mafuta ya nguruwe na vitunguu vimetandazwa juu ya magazeti, glasi ndogondogo zinapita. Ulikuwa mkutano wa mwaka wa wafugaji njiwa wa wilaya. Uani lilikuwa limeegeshwa lori la matenga, njiwa mia tatu na kitu, wanalia kama sufuria zinazochemka.

Mwenyekiti wao, Mzee Ambrus, masharubu kama mabano, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tupige makofi," akasema. "Kwa nini?"

"Kwa ajili ya muziki wa jana, mzee."

"Mimi jana nilikuwa nyumbani nauguza njiwa jike mwenye mafua. Huo muziki nausikia wapi?"

"Husikii. Mashine ni moja. Ikipiga hairekodi, ikirekodi haipigi."

"Kwa hiyo tupige makofi kwa kitu ambacho hatukisikii."

"Ndiyo, mzee."

Ambrus akawageukia wenzake. "Waungwana, kuna mtu hapa hajawahi kufanya hivyo?"

Ukumbi ukacheka mpaka glasi zikagongana. Wakapiga kura. Mmoja alipinga, mzee Hubert, lakini huyo hupinga kila kitu tangu njiwa wake aliwe na paka wa jirani.

Dezső akaweka tayari kinasasauti. Taa nyekundu ikawaka. Nikashusha mkono.

Pa! Pa! Pa! Pa!

Mikono mia mbili na themanini, mkono mmoja! Haukutangulia hata mmoja, haukuchelewa hata mmoja. Ambrus akanyanyua kidole, wakanyamaza wote kwa mpigo.

Dezső alifurahi sana. "Safi kabisa!"

Roscoe aliweka uso viganjani. "Hii nini? Nani anapita, jenerali?"

"Wamezoea mikutano," nikamwambia. "Miaka thelathini wanapigia makofi ripoti. Hawawezi kukosea."

"Waambie wakosee!"

Nikawaambia. Wakajaribu, msomaji, Mungu ni shahidi. Roscoe alipanda jukwaani akawafundisha: wewe anza mapema, wewe chelewa, wewe piga mluzi. Wakagawana zamu kwa safu, wakateua wasimamizi. Jaribio la pili likawa gwaride lenye vikosi vitatu. La tatu, mzee mmoja alikosea kwa bahati, na jirani zake wakamkanya.

Saa nne na robo.

Hapo Tolliver akapanda jukwaani. Hakuna aliyemwita. Mzee mrefu, suti yake ya kahawia imechakaa viwiko, kibiriti mkononi. Akaniita nimtafsirie.

"Waambie naomba radhi kwa kuwasumbua," akasema. "Waambie mimi baba yangu alikuwa mchinja nguruwe, alitaka niwe mchinja nguruwe. Nikamwambia ipo siku nitapuliza kitu, watu watasimama, na kitaandikwa mahali. Watu walisimama mara nyingi. Hakikuandikwa. Jana kiliandikwa, lakini kimeandikwa kama vile nilikuwa peke yangu chumbani. Basi, ni hilo tu. Endeleeni kula."

Akafungua mdomo, akawaonyesha pengo.

Msomaji, sijui ni lile pengo au ni yule nguruwe. Mzee mmoja wa nyuma alipiga kofi moja. Kisha mwingine wa mbele, kisha kiti kikaanguka, kisha mtu akapiga mluzi, kisha wote, ovyo, hovyohovyo, kama mvua ya mawe juu ya bati! Walikuwa wamesimama! Miguu chini, kofia juu! Roscoe alinirukia shingoni. "Ndiyo hiyo! Berci, ndiyo hiyo!"

Tukakimbia kwenye mashine.

Taa nyekundu imezimika.

Dezső alikuwa ameketi, uso mweupe kama koti lake, anakitazama kidole chake mwenyewe kilichokaa juu ya swichi.

"Kimekwenda chenyewe," akanong'ona. "Nilitaka kukizuia. Walipoanza tu, kikaenda."

Safari hii sikujiweka katikati. Kilichomwokoa Dezső ni kwamba Roscoe alikuwa ameanza kulia.

Tulijaribu tena, mkono wa Dezső nimeufunga kwenye kiti kwa mkanda wangu. Lakini sasa wazee walikuwa wanajua wanatakiwa nini. Pa! Pa! Pa! Walirudi kwenye mkutano wao kama farasi anavyorudi zizini.

Saa tano kasoro robo. Tukatoka nje uani kuvuta sigara, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya. Tolliver alikaa kwenye ngazi ya lori, anatikisa kibiriti sikioni. Katika kuegemea, bega lake likagusa kishikizo cha tenga moja. Mlango ukafunguka.

Njiwa kumi na mbili wakatoka kwa pamoja.

Roscoe aliganda, sigara ikamwanguka. "Nyamazeni," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea. "Mmesikia?"

"Nini?"

"Mabawa, wewe! Sikia yanavyoanza! Hakuna hata mawili yanayokwenda sawa! Hayo ni makofi, ni makofi kuliko makofi! Kumi na wawili tu ni kama watu hamsini! Wako wangapi humu?"

"Mia tatu na ushei," nikasema, na nywele zikanisimama.

"Hapana!" Sauti ya Ambrus ikatoka mlangoni; Kiingereza hakijui, lakini tenga lililo wazi aliliona. "Hapana, hapana na hapana!"

"Mzee..."

"Nisikilize wewe dereva. Njiwa wanaachiwa saa saba, mkutano ukiisha. Mke akiwaona wanatua, anaweka supu motoni, nikifika naikuta mezani. Ndivyo ilivyokuwa kwa babu yangu. Njiwa wakitua kabla ya saa saba, kila mwanamke wa wilaya hii anajua maana yake."

"Maana yake nini?"

"Kuna mtu amekufa mkutanoni. Waliachiwa mapema mara moja tu, mwaka dari la ukumbi lilipoanguka. Nikiwaachia sasa, saa sita unusu vijiji tisa vimevaa nyeusi! Hawa kumi na wawili tu wanatosha kuniletea balaa."

Nikamtafsiria Tolliver. Nilitegemea abishe. Yeye alitikisa kichwa kukubali, akakifunga kibiriti.

"Mwambie yuko sahihi," akasema. "Mtu hawezi kumvalisha mwanamke nyeusi kwa ajili ya santuri."

Nikatafsiri. Ambrus alisimama palepale, anavuta sharubu moja.

"Mwaka hamsini na moja," akaanza, kama anazungumza na matenga, "nilikuwa na dume mmoja wa kijivu. Alitoka Warszawa akavuka milima kwenye dhoruba, akatua bandani kwangu kabla ya njiwa wote wa nchi hii. Mimi na macho yangu nilimwona. Saa ya mashindano, ile inayogonga muhuri wa wakati njiwa anapofika, haikugonga. Kamani yake ilikatika. Kamati wakaniambia, Ambrus, bila muhuri hakuruka." Akatema mate. "Bila muhuri hakuruka! Amekufa yule njiwa, kitabuni hayumo mpaka leo."

Akavua kofia, akaivaa tena.

"Wote nje!" akanguruma. "Kila mtu kwenye tenga lake!"

"Ambrus, wake zetu!" Hubert akapiga kelele.

"Mke wako wewe amekukimbia tangu mwaka jana, unaogopa nini? Kwenye tenga!"

Dezső alibeba kinasasauti mpaka uani, waya unamfuata kama mkia. Nilimwangalia kidole.

"Dezső, nijibu kama mbele ya mahakama. Mabawa ni makofi?"

Alifikiri. Kwa kweli alifikiri.

"Mabawa si makofi," akasema. "Mabawa ni sauti za maumbile. Sauti za maumbile zinaruhusiwa kwenye fomu namba saba, bila kikomo cha utepe."

Nilitaka kumbusu.

Tolliver alisimama katikati ya uani, kofia mkononi. Ambrus akanyanyua mkono, akaushusha.

Milango yote iliyobaki ikafunguka!

Sijui nikueleze vipi, msomaji. Ilianza huku, ikadakwa kule, ikapasuka, ikapanda. Na wazee nao, kama desturi yao, kila mmoja anamwita wake kwa jina: "Twende Böske! Twende mama! Paa, kipenzi changu, paa!" Sauti mia na arobaini, za mapenzi ya kweli, na juu yake mabawa mia sita yanampigia makofi mzee mmoja mwenye pengo. Na yeye, kwa mazoea ya miaka arobaini, akainama. Akawashukuru kulia, akawashukuru kushoto, akawashukuru juu.

Taa nyekundu iliwaka mpaka njiwa wa mwisho akawa nukta mawinguni.

Dezső alikata kwa mkasi na kubandika kwa gundi, dakika thelathini na tano, na nampa haki yake, fundi ni fundi.

Bibi Grethe aliingia saa sita kamili, mwanamke mwembamba mwenye begi la ngozi, hakukubali kahawa wala kiti. "Nimesikia mengi ya Bwana Tolliver," akasema kwa Kiingereza. "Kwa kawaida yanakuwa uongo." Akavaa vile vidude.

Dakika kumi na moja hakupepesa jicho. Noti ya mwisho ikapanda, ikakatika. Roscoe alikuwa ameshika mkono wangu, akaubana mpaka mifupa ikalia.

Nikaona uso wa yule mama unabadilika. Akavivua, akakaa kwenye kile kiti alichokikataa.

"Miaka kumi na tisa nasikiliza makofi," akasema. "Ya Paris, ya London. Haya sijawahi kuyasikia. Haya... yanapaa."

"Ni watu wa hapa, bibi," nikasema. "Ni wepesi."

"Na wanaitana. Wanasema nini?"

"Majina ya wapenzi wao."

Hapo sikusema uongo hata kidogo.

Akafungua begi. Akatoa mkataba, akaulaza juu ya mashine. LUCIUS TOLLIVER, herufi kubwa kama za bango la sarakasi. Akafungua kalamu. Tolliver aliketi wima, mkono mdomoni, macho kwenye jina lake. Ncha ya kalamu ilikuwa upana wa kidole kutoka kwenye karatasi.

Nje kikasikika kilio.

Kwanza cha mwanamke mmoja, mbali, upande wa daraja. Kisha kumi. Kisha mlio wa kengele za baiskeli, breki, na mlango wa mbele ukapigwa ukutani. Nikatazama saa. Saa sita unusu. Ambrus ni mtu wa muhuri kweli.

Wakajaa chumbani. Vitambaa vyeusi, magauni meusi, mishumaa mkononi, unga bado uko viganjani. Mbele yao mke wa Ambrus, mwanamke kama kabati, machozi yanachuruzika.

"Nani?" akapiga yowe. "Tuambieni nani! Tumeuona msiba umeruka angani! Ni nani?"

Nyuma yake wanawake arobaini wakaangua kilio kwa pamoja. Kule ukumbini, kupitia mlango ulioachwa wazi, niliona Ambrus na wenzake walikuwa wanajaribu kuingia chini ya meza.

Bibi Grethe aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Bwana dereva," akaniambia, "hawa kina mama wanalia nini?"

Msomaji, mimi shule niliiacha na miaka kumi na mbili. Kiingereza changu nilikipata kambini nikiwa mateka wa vita, nikimenya viazi. Lakini katika chumba kile nilikuwa peke yangu ninayejua pande zote mbili, na macho ya Tolliver yalikuwa juu yangu, na kibiriti mkononi mwake kilikuwa kinatikisika chenyewe, tik, tik, tik.

"Bibi Grethe," nikasema, "hawa ndio watu wa jana. Wamesikia kwamba bendi inaondoka leo. Hawakubali."

Bibi Grethe aliwatazama. Aliwatazama mmoja mmoja, vitambaa vyeusi, mishumaa, machozi. Akafunga kalamu, akaitia mfukoni.

"Basi," akasema, na sauti yake ilikuwa laini kama siagi, "mimi siwezi kutia saini nikiwa nimewavunja moyo watu kama hawa. Mwambie Bwana Tolliver achukue saksafoni yake. Awapulizie moja tu. Hapa hapa, nami nisikie."

Tolliver alinitazama. Sikuhitaji kumtafsiria, aliyasikia mwenyewe kwa lugha yake.

Akashusha mkono kutoka mdomoni. Akafungua kibiriti, akalitoa lile jino. Kisha akamgeukia Dezső, aliyekuwa bado na chupa ya gundi mkononi, akamwambia kwa sauti ya chini, nami nikatafsiri:

"Wewe ni fundi wa kubandika. Hebu sogea."